Utamu Unapogeuka Sumu: Kwa Nini Chokoleti Ni Hatari kwa Mbwa

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mzazi anayemdekeza mtoto, lakini maana yake inamwafiki vilevile mfugaji wa mbwa. Mbwa aketipo kando ya meza, macho ameyakaza kwenye chokoleti iliyo mkononi mwa mtoto, huwa vigumu kumnyima. Mtoto humegea kipande, mbwa hutikisa mkia, na wote wawili hufurahi. Hicho ni kitendo cha mapenzi. Hata hivyo, kwa kutegemea uzito wa mbwa na aina ya chokoleti, chaweza kuwa chanzo cha mauti.

Fauka ya mapenzi hayo, imeenea imani kwamba mbwa ni mlaji wa chochote. Katika kaya nyingi nchini Kenya chakula chake ni masazo: ukoko wa ugali, mifupa na mchuzi uliobaki sufuriani. Kutokana na mazoea hayo hujengeka dhana kuwa kisichomdhuru mtoto hakiwezi kumdhuru mbwa. Makala haya yananuia kubainisha kuwa dhana hiyo ni potofu. Sumu haimo katika kitu peke yake, bali huzuka pale yanapokutana mambo matatu: kitu chenyewe, kiasi chake, na mwili unaokipokea.

Jina na Kiini cha Sumu

Chokoleti hutengenezwa kwa mbegu za mkakao, mti wenye asili yake katika nchi za joto za bara la Amerika. Mwaka 1753, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, Carl Linnaeus, aliuainisha mti huo kwa jina la Theobroma cacao. Neno la kwanza lina asili ya Kigiriki na maana yake ni chakula cha miungu. Mwaka 1841, mwanakemia wa Urusi, Alexander Woskresensky, aligundua katika mbegu hizo kemikali chungu ambayo ilipewa jina la theobromini. Asije msomaji akadhani kuwa kemikali hii ina bromini ndani yake. Haina hata chembe. Jina imelirithi kutoka kwa mti. Hapa pana kinaya cha aina yake: kinachomwangamiza mbwa kimebeba jina la chakula cha miungu.

Theobromini ni ndugu wa kafeini iliyomo katika chai na kahawa. Chokoleti ina kemikali zote mbili, ila theobromini ndiyo nyingi zaidi. Ili kuielewa kazi yake, ni sharti kwanza kuifahamu adenosini, ambayo hupatikana katika miili ya binadamu na ya wanyama. Adenosini hujishikiza kwenye vipokezi vya seli na kupeleka ujumbe wa utulivu: ubongo upoe, moyo upunguze mwendo. Theobromini ifikapo huvikalia vipokezi hivyo bila kupeleka ujumbe wowote. Mfano wake ni mgeni aliyekikalia kiti cha hakimu: kesi haiamuliwi, na mwenye kiti hana pa kuketi. Moyo huenda mbio na ubongo husisimka. Isitoshe, kiasi kikizidi, kalsiamu huongezeka ndani ya seli za misuli, nayo misuli hujikaza kupita kawaida. Figo nazo huchochewa kutoa mkojo mwingi.

Kwa Nini Mbwa?

Swali linalozuka ni hili: ikiwa binadamu na mbwa wote wana adenosini, mbona mmoja hula chokoleti bila taabu ilhali mwenziwe hutaabika? Jibu limo katika ini. Ini la binadamu huivunjavunja theobromini upesi, hivi kwamba nusu yake huwa imeondoka mwilini baada ya takriban saa 7 hadi 10. Kwa mbwa, nusu hiyo huchukua takriban saa 17.5. Hivyo basi, mbwa ambaye damu yake imepokea theobromini saa mbili usiku siku ya Jumamosi, huwa angali na robo yake mwilini saa moja asubuhi siku ya Jumatatu. Zaidi ya hayo, sehemu ya kemikali hiyo hufyonzwa tena na kurudi katika damu kupitia matumbo na kibofu cha mkojo.

Paka naye hudhurika, lakini hana uwezo wa kuonja utamu, na kwa sababu hiyo ni nadra kuiendea chokoleti. Mbwa huuonja utamu, tena hula kwa pupa.

Suala la Kiasi

Madaktari wa mifugo huikadiria hatari kwa kulinganisha miligramu za theobromini na kilo za uzito wa mbwa. Miligramu 20 kwa kila kilo huweza kuleta dalili nyepesi. Zikifika 40 hadi 50, mapigo ya moyo huvurugika. Zikifika 60, degedege huweza kuzuka, na kuanzia 100 uhai wenyewe huwa mashakani.

Aina za chokoleti nazo hutofautiana. Chokoleti ya maziwa ina takriban miligramu 2 za theobromini katika kila gramu. Chokoleti nyeusi ina 5 au zaidi, nao unga wa kakao usiotiwa sukari una 20 au zaidi. Chokoleti nyeupe karibu haina kabisa.

Mathalani, mbwa wa kilo 10 akila gramu 100 za chokoleti ya maziwa, hupata miligramu 20 kwa kila kilo. Huenda akatapika na kuhangaika. Akila gramu 100 za chokoleti nyeusi, hufikia 50. Gramu 30 tu za unga wa kakao humfikisha kwenye 60. Mbwa wa kilo 5 hufikia viwango hivyo kwa nusu ya vipimo hivi. Mtu mzima wa kilo 60 akila zile gramu 100 za chokoleti ya maziwa, hupata kama miligramu 3 kwa kila kilo. Bila shaka hii ndiyo sababu ya kuwepo kwa masimulizi ya mbwa waliokula chokoleti wasife. Pengine mbwa alikuwa mkubwa, au chokoleti ilikuwa kidogo. Masimulizi hayo ni ushahidi wa bahati, si wa usalama.

Dalili na Hatua za Kuchukua

Kwa kawaida dalili hujitokeza kati ya saa 2 na 12 baada ya mbwa kula. Hutapika, huharisha, huwa na kiu, hukojoa mara kwa mara na hakai mahali pamoja. Hali ikizidi, moyo humwenda mbio, hutetemeka na kushikwa na degedege. Dalili zaweza kudumu hadi saa 72.

Hakuna dawa mahususi ya kuitangua theobromini. Daktari akimwahi mbwa mapema humtapisha, kisha humpa makaa maalumu ya kitabibu yanayoifyonza sumu tumboni. Humwongezea maji mwilini na kumpa dawa za kuutuliza moyo na kuzuia degedege. Kwa hiyo, dawa kubwa aliyo nayo mfugaji ni wakati. Asingoje dalili. Ampigie daktari simu mara moja, amweleze uzito wa mbwa, aina ya chokoleti, kiasi kilicholiwa na saa iliyoliwa. Karatasi ya chokoleti aende nayo. Maziwa ambayo wengi hukimbilia kumnywesha mbwa hayaitangui sumu hii. Kumlazimisha kunywa maji ya chumvi ili atapike ni kosa jingine, kwani chumvi nyingi pia ni sumu kwake.

Hitimisho

Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2017 ulionyesha kuwa visa vya mbwa kula chokoleti huongezeka sana wakati wa Krismasi na Pasaka. Hilo si ajabu, kwa kuwa ndipo zawadi zinapojaa nyumbani na mikono ya watoto inapokunjuka. Anayetoa kile kipande si adui wa mbwa; ndiye rafiki yake mkubwa. Ajali ikitokea, ndiye pia atakayelia zaidi. Mapenzi yasiyoandamana na maarifa hayatoshi. Mtoto na afundishwe kumtunza mbwa wake kwa kipande cha nyama au ukoko wa ugali, nayo chokoleti iwekwe kabatini, mlango ukiwa umefungwa.