Sauti ya Babu na Mashine Kuukuu

Wiki hii najibu barua ya kijana wa Sitalike, kijiji kilichopo kando ya Mto Katuma, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Ameachiwa na marehemu babu yake riili moja ya tepu. Inasemekana mzee alinaswa humo akisimulia asili ya ukoo. Mjini Mpanda ameonyeshwa tepurekoda kuukuu aina ya Uher. Anauliza: anunue?

Nasema kwanza apime riili yake. Uher 4000 Report, mashine ya Kijerumani iliyotoka mwaka 1961, waandishi wengi wa redio waliibeba begani kwa sababu inatumia betri. Lakini haipokei riili yenye upana unaozidi sentimita 13. Kama ya babu ni kubwa zaidi, atafute mashine ya mezani.

Hapo napo kuna mtego. Mashine ya mezani iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutaka volti 110 hadi 120 na umeme wa mizunguko 60. Wetu ni volti 230, mizunguko 50. Transfoma itapunguza volti, lakini mota nyingi za zamani zitazunguka polepole, na sauti itakuwa nzito kama ya mtu mwingine.

Kabla ya kutoa fedha, ajaribu mashine kwa tepu isiyo na thamani. Asikilize wimbo: ukiyumbayumba, huenda mikanda ya mpira imelegea au kigurudumu kinachobana tepu kimekauka. Atazame vichwa vya kusomea. Vikiwa na mfereji uliochimbwa na tepu, vimechoka. Kisha asafishe vichwa kwa pamba na spiriti safi, na mpira kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni. Asiache mashine wala tepu karibu na spika, maana sumaku hufuta sauti.

Chuoni, nilipokuwa nasomea diploma, tulikata tepu kwa wembe tukaiunga, na kazi ikaendelea. Tepu iliyokatika ina dawa. Iliyobanduka unga wake haina, kwani sauti imo ndani ya unga ule. Baadhi ya tepu za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu, gundi yake ikalainika. Zikichezwa hupiga kelele na kuacha uchafu wa kahawia kwenye vichwa. Akiona hivyo, azime papo hapo, ampelekee mtaalamu. Asithubutu kuianika juani wala kuiweka jikoni.

Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi na wazee wetu kwa miongo mingi, na hazina hiyo ikarithiwa na TBC. Shirika lina maktaba na mafundi. Ukoo una riili moja tu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, nunua mashine ikiwa nzima, lakini tepu ya babu iwe ya mwisho kuwekwa. Siku hiyo, unganisha waya kwenye kompyuta na uanze kurekodi kabla riili haijazunguka. Mara ya kwanza kuisikia yaweza kuwa ndiyo mara ya mwisho.