Mwalimu Aliyezeeka Darasani

Mwalimu mkongwe wa shule ya msingi anapofariki Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo, maneno ya kwenye kilio hujulikana hata kabla hayajasemwa: alikuwa mama wa wote, alijitoa, alifundisha wazazi kisha akafundisha watoto wao. Ni kweli, na marehemu anastahili sifa hizo. Kasoro ya sifa hizo ni kwamba zinamsimulia kana kwamba aliishi na moyo wake tu, bila serikali, bila mwajiri, bila bei ya unga wa bukari. Kwa maoni yangu, wanawake wa kizazi hicho, waliozeeka na chaki mkononi huku wakilea wajukuu nyumbani, hatutakuwa tumewakumbuka sawasawa mpaka tuseme pia nani alipaswa kuwalipa.

Tumfikirie aliyeanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kampuni ya madini ya Union Minière ilikuwa imetaifishwa mwaka 1967, ikazaa Gécamines, na katika kambi za wafanyakazi kama Musonoi, Luilu na Kapata, nyumba, hospitali na shule vilitegemea kampuni hiyo moja. Mwaka 1974 Rais Mobutu alizitwaa shule za makanisa. Mwaka 1977 akayarudishia makanisa usimamizi wa shule hizo kwa mapatano, huku mshahara wa walimu ukibaki deni la serikali. Mei 1978 waasi waliuteka mji, wakaja askari wa Ufaransa na Ubelgiji, na mamia ya watu wakafa. Hayo yote yalipita na shule zikafunguliwa tena. Kilichomvunja mwalimu kilikuja baadaye, bila kishindo cha bunduki. Septemba 1990 mgodi wa Gécamines wa Kamoto uliporomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 kufikia 1994. Katikati ya anguko hilo watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, jimbo lililokuwa na Kolwezi wakati huo, walimu wakiwemo, na mfumuko wa bei ukaula mshahara wa serikali hadi ukawa jina tu. Ndipo wazazi walipoanza kumlipa mwalimu wenyewe. Utaratibu huo uliokusudiwa kuwa wa dharura ulidumu karibu miaka 30. Mwaka 2003 Gécamines iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpigo mmoja, na katika nyumba nyingi fedha chache za bibi mwalimu zikawa ndizo za uhakika zaidi.

Kuna watakaosema kwamba kutaja mshahara kwenye kilio ni kumshushia marehemu heshima, kwa kuwa hakufundisha kwa ajili ya fedha. Pingamizi hili lina uzito. Mtu aliyetaka fedha tu angekwenda kuuza sokoni, na wengi walikwenda. Lakini kujitoa kwake ndiko kulikowapa wakubwa nafasi ya kutolipa. Mwalimu asiyeacha darasa hata akinyimwa haki yake ni mwalimu ambaye deni lake linaweza kungoja, na lilingojeshwa. Wengine walibaki kazini baada ya umri wa kustaafu, wala si kwa mapenzi ya kazi peke yake: aliyeondoka bila mafao alikuwa ameondoka mikono mitupu. Kuuita ukongwe huo uzalendo, bila kuongeza neno, ni kuwasafisha waliousababisha.

Pingamizi la pili ni kwamba hayo yamepita, kwa sababu tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya umma ni bure, kama Katiba ya 2006 ilivyoagiza. Ni hatua kubwa, na mzazi wa mtaa wa Kanina, Kolwezi, anayeishi kwa kuchimba anajua faida yake. Hata hivyo ada ilipoondolewa, madarasa yalifurika, na walimu ambao serikali haikuwa imewaingiza kwenye orodha ya mishahara walipoteza hata kile kidogo cha wazazi. Migomo iliyofuata haikumshangaza mtu yeyote aliyejua hesabu.

Wala haiwezi kusemwa kwamba Lualaba, jimbo la Kolwezi leo, haina kitu. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatenga asilimia 25 ya mrabaha kwa jimbo, na asilimia 15 kwa mamlaka za mitaa ambako madini yanachimbwa. Najua mshahara wa mwalimu ni wajibu wa serikali kuu ya Kinshasa, na jimbo halipaswi kuubeba. Lakini hakuna kinacholizuia jimbo kuandika orodha ya walimu waliozeeka kazini bila mafao, kuitangaza, na kuidai Kinshasa kwa jina la kila mmoja.

Familia nazo zina kazi yao. Barua ya kuajiriwa, namba ya matrikuli na karatasi za mishahara zisichomwe pamoja na takataka baada ya matanga. Zihifadhiwe, na siku ya kilio, baada ya sifa, usomwe mwaka alioajiriwa na miaka aliyofundisha bila kulipwa na serikali.