Motaboti iliyotumika: usinunue rangi

Wapo wakazi wa Nairobi wanaokwenda Ziwa Naivasha wikendi na kurudi wakitamani motaboti yao wenyewe. Mpya ni ghali, kwa hivyo hutafuta iliyotumika. Lakini uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Rangi mpya huficha mengi.

Itoe majini, uigongegonge kwa mpini wa bisibisi. Faiba nzima hulia wazi. Iliyonyonya maji hutoa sauti nzito. Shika injini uitikise: ubao wa nyuma inapofungwa ukicheza, huenda umeoza. Iguse kabla haijawashwa. Ikiwa moto, labda muuzaji ameipasha kuficha kwamba huwaka kwa shida. Oili ya gia ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

Kisha vaa jaketi ya kuokolea, mwizunguke ziwani nusu saa. Mkirudi, tazama chini ya sakafu kama pamevuja, na unuse kama kuna harufu ya petroli.

Usilipe kabla ya kuona stakabadhi na kumwita mkaguzi. Shirika la serikali la KMA, lililoundwa 2004, ndilo hukagua vyombo vya majini na kuvipa leseni.

Gari likizima Moi Avenue, utashuka usukume. Motaboti ikizima katikati ya ziwa, wewe na watoto mtashukia wapi?