Matandazo ya mpira: Hesabu haiishii dukani

Maduka ya vifaa vya bustani nchini Marekani huuza matandazo yanayotokana na matairi chakavu. Matairi husagwa, vipande vikapakwa rangi, kisha vikatandazwa kuzunguka maua na miti badala ya magome. Malighafi si tatizo. Moto wa Hagersville, Kanada, wa Februari 1990, uliounguza kwa siku 17 matairi yanayokadiriwa kufikia milioni 14, ulionyesha hasara ya kurundika matairi yasiyo na soko.

Hoja kuu ya muuzaji ni kwamba mpira hauozi. Tuchukue mfano: anayenunua magome ya dola 100 kila mwaka atakuwa ametumia dola 500 katika miaka mitano. Akinunua mpira wa dola 500 mara moja, kuanzia mwaka wa sita anahesabu faida.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina pengo. Magome yanapooza hurutubisha udongo. Mpira haurutubishi, hivyo gharama ya mbolea iko palepale. Tairi lina zinki, ambayo huingia udongoni taratibu na ikizidi hudhuru mimea. Aidha, majaribio ya watafiti wa Ohio yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha mpira uliosagwa kuwa miongoni mwa matandazo yanayoshika moto kwa urahisi zaidi. Na mwenye bustani akibadili nia, atalipa vibarua wa kuchambua vipande vilivyozama ardhini.

Soko lenye hoja nzuri zaidi ni viwanja vya michezo ya watoto. Mwongozo wa tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani unaeleza kuwa sentimita 15 za mpira humkinga mtoto anayeanguka kutoka mita 3; vipande vya mbao huhitaji sentimita 23. Lakini nyaya za chuma lazima ziondolewe zote, na mpira hupata joto kali juani.

Kwa mfanyabiashara wa hapa nyumbani anayefikiria mashine ya kusaga matairi, ushauri ni kupima soko kwanza. Tairi chakavu tayari lina mnunuzi, fundi wa katambuga, na bustani zina maganda ya kahawa, pumba za mpunga na majani makavu, ambayo huoza na kulisha udongo. Kushindana na bidhaa hizo kwa bei ni kazi ngumu. Atafute oda za viwanja vya watoto kabla ya kukopa benki.