Je, Wajua? Serikali iliomba radhi kwa kuwanyang'anya akina mama watoto wao

Tarehe 4 Aprili 2019, Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, alisimama bungeni akaomba radhi kwa watoto wa Kongo, Rwanda na Burundi waliotenganishwa na mama zao enzi za ukoloni. Kosa lao? Baba zao walikuwa wazungu.

Walilelewa kwenye misheni za Kikatoliki. Wengine walibadilishwa majina. Ndugu wa tumbo moja walitawanywa. Kutoka Save, Rwanda, wapo waliopakiwa kwenye ndege hadi Ubelgiji, kwa familia wasizozijua.

Wanawake watano waliochukuliwa kabla ya kutimiza miaka 7 waliishtaki serikali. Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua: ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kila mmoja alipwe euro 50,000. Wote walishavuka miaka 70.