Maumivu ya Nyonga Baada ya Dawa ya Ukeni

Mama wa Witeithie, hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hupungua, na kuta za uke hukauka na kuwa nyembamba. Krimu au tembe ya estrojeni ya kuweka ukeni huzirejesha polepole. Wiki za kwanza, kuta zikiwa bado laini, dawa yaweza kuchoma, na wengine huumwa na nyonga au tumbo la chini. Wapo wanaoiacha kimyakimya kwa aibu. Heri umwambie daktari. Anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha aina ya dawa.

Maumivu yakizidi, au ukiona damu, hata tone, usingoje. Damu baada ya hedhi kukoma lazima ichunguzwe. Nenda Hospitali ya Thika Level 5, na ubebe pakiti ya dawa.