Burundi: Je, ni haki kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya deni la hospitali?

Swali hili lilizuka kwa nguvu mjini Bujumbura mwezi Septemba mwaka 2006. Shirika la Human Rights Watch, likishirikiana na shirika la Burundi APRODH, lilichapisha ripoti kuhusu wagonjwa maskini waliozuiliwa wodini hata baada ya kupona, kwa kuwa walishindwa kulipa gharama za matibabu. Chanzo kilikuwa sera ya mwaka 2002, iliyozitaka hospitali zijiendeshe kwa ada za wagonjwa.

Tarehe 1 Mei mwaka huohuo wa 2006, Rais Pierre Nkurunziza alikuwa ametangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka 5 na kwa akina mama wanaojifungua. Wagonjwa wengine waliendelea kutozwa ada.

Wanaotetea ada husema kwamba hospitali isiyolipwa haiwezi kununua dawa. Hoja hiyo ina uzito, lakini haihalalishi kumnyima mtu uhuru wake. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990, unakataza katika ibara ya 11 kumfunga mtu kwa sababu tu hana uwezo wa kutimiza wajibu wa kimkataba. Isitoshe, aliyezuiliwa hawezi kwenda kutafuta fedha za kulipa, na kitanda chake kinahitajiwa na mgonjwa mwingine.

Hospitali ina haki ya kulipwa. Lakini pale mgonjwa asipokuwa na kitu, mdaiwa anayestahili kufuatwa ni hazina ya taifa.